Kamera ya Pili ya Mutiso

Jumatatu, 20 Machi 2006

Mvua ya kwanza imeanguka leo saa nane mchana. Nilikuwa dirishani mwa studio nikitazama watu wa barabara ya Tom Mboya wakikimbilia vibarazani, bosi wangu Macharia akaniita ndani na kufunga mlango. Mlango ule haufungwi bure. Mara ya mwisho ulipofungwa, dada wa kaunta alitoka na vitu vyake kwenye mfuko wa nailoni.

Macharia hakunifuta kazi. Aliniuliza habari za Mutiso.

"Lornah, umeona huyu mzee anabeba kamera mbili?"

"Nimeona, bosi."

"Moja ni yangu, ya dijitali. Hiyo ingine ya filamu anapigia nani?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Na kitu sijui kwa studio yangu, siipendi. Wewe mwangalie tu. Usimwambie."

Tuko watatu katika studio hii ya orofa ya tatu. Mimi napiga picha, na kwa kuwa nilisomea kompyuta kidogo, ndimi ninayezirekebisha kabla hazijachapishwa. Mutiso ndiye mkubwa wetu kwa umri. Alianza kazi hii nikiwa ningali shule ya msingi kule Vihiga. Mwaka jana bosi alinunua kamera za dijitali akauza zile za filamu, zote isipokuwa moja ambayo Mutiso alisema ni yake mwenyewe. Tangu hapo, kila tuendako, yeye hupiga za dijitali kama alivyoagizwa, kisha huitoa ile kuukuu kwenye begi na kupiga chache kimyakimya. Picha hizo hazijawahi kuonekana hapa studio.

Bosi anaamini kuwa ananyakua wateja. Nami nikifikiria vizuri, sioni mtu anayeweza kununua filamu wiki baada ya wiki kwa raha tu. Nimenunua daftari hili Kangemi niandike ninayoyaona, nisije nikachanganya siku.

Alhamisi, 23 Machi

Mutiso ametoka saa saba kamili, karudi saa nane na nusu. Begi alienda nalo.

Jumamosi, 25 Machi

Tulikuwa Uthiru kwa mazishi ya Mzee Muigai, aliyekuwa na shamba na nyumba za kupangisha karibu na Waiyaki Way. Tulikodiwa na kifunguamimba wake, Kiragu, mwanamume wa suti na sauti ya chini. Mvua ilitunyeshea tangu ibada ilipoanza. Udongo wa Uthiru ukilowa hushika kiatu kama deni, na kila mpiga picha anajua kwamba huwezi kusogea karibu na kaburi bila kuteleza.

Mchungaji alipowaita wa familia watie udongo, watoto wa marehemu walipita mmoja mmoja. Kisha akapita mwanamke aliyevaa koti la kahawia, amemshika mkono msichana wa miaka kama tisa. Shangazi yake Kiragu, mama mmoja mzee aitwaye Annah, alimfunika yule mtoto kwa mwavuli wake. Hakuna aliyewazuia. Nilipiga picha kumi hivi, za kundi zima likiwa kando ya kaburi.

Mutiso aliiacha kamera ya bosi ining'inie shingoni, akatoa ile ya filamu, akapiga goti kwenye tope. Lakini hakupiga. Alingoja. Alingoja mpaka yule mtoto alipofungua kiganja, udongo ukaanguka, ndipo akabonyeza mara moja tu na kuirudisha kamera kwenye begi.

Watu wote wale, wenye magari na makoti ya maana, na yeye akamchagua huyo. Nimejiuliza njiani kote anamjua wapi.

Jumanne, 28 Machi

Kiragu amekuja kuchagua picha za albamu. Aliketi karibu nami kwenye kompyuta, ananukia sabuni nzuri. Alipofika kwenye ile ya kundi kando ya kaburi, aligusa kioo kwa kidole.

"Hii ndiyo nzuri kuliko zote. Shida ni huyu. Si wa familia, ni jirani tu alijipenyeza. Unaweza kumtoa?"

"Naweza."

"Na huyo mtoto wake."

Zamani tukisema tunasafisha picha, tulimaanisha kuitia filamu kwenye dawa mpaka sura zitokee. Siku hizi mteja akisema nisafishe, anataka sura ziondoke. Ilinichukua saa mbili na nusu. Nilichukua vipande vya watu waliosimama karibu nikaviweka mahali pao, nikalainisha kingo, nikaongeza kidogo kivuli cha mvua. Bosi alikuja akainama, akasema hata mama yake mwenyewe angeapa kwamba hapakuwa na mtu hapo. Nilijiona fundi.

Kisha akaniambia nifute zile za awali zote, diski imejaa. Pamoja na zile zilizokuwa kwenye kadi. Nikafuta.

Ijumaa, 31 Machi

Mvua. Stima imepotea mara tatu, kompyuta zikazima. Mutiso: saa saba hadi saa nane na nusu.

Jumanne, 4 Aprili

Leo nimemfuata. Aliteremka hadi Kirinyaga Road, akapita wauza vipuri vya magari, akaingia jengo moja lenye ngazi nyembamba. Nilipanda nyuma yake nikasikia mlango ukifungwa kwa komeo. Chini ya mlango mwanga haukupita hata chembe. Mtu anajifungia gizani saa saba mchana kufanya nini?

Aliporudi studio alikuwa ananukia siki. Nilimsogelea makusudi. Ni siki kweli, kama ya kachumbari.

Nilimpa bosi habari. Alisema, "Endelea."

Ijumaa, 7 Aprili

Yule mwanamke wa koti la kahawia amekuja studio. Nilikuwa kaunta peke yangu. Alisalimia kwa adabu, akasema anaitwa Wangeci, anatafuta picha ya mazishi ya Mzee Muigai. Moja tu, ile ambayo mtoto wake Anita anatia udongo.

Albamu ya Kiragu ilikuwa bado haijachukuliwa. Ningeweza kusema imeshachukuliwa. Badala yake niliifungua, sijui kwa nini. Labda nilitaka kuona kama kazi yangu ingeshinda macho ya mwenyewe.

Aliitazama ile picha muda mrefu.

"Nilikuwa nimesimama hapa," alisema, akaweka kidole mahali penyewe.

"Mama, haumo. Pengine kamera ilikupita."

"Ilinipita na mtoto?"

Niliifunga albamu. Alishukuru akatoka. Mutiso alikuwa amesimama mlango wa ndani, amesikia yote. Alichukua koti lake akateremka ngazi nyuma yake. Nilichungulia dirishani nikawaona wameinama chini ya paa la duka la viatu, wanaongea kama watu wenye siri.

Kwa hiyo wanajuana. Nilijua.

Jumamosi, 8 Aprili

Tulikuwa na harusi Kilimani, kwenye bustani nyuma ya nyumba za ghorofa. Bibi harusi, Debra, alikuwa na marafiki wengi wa ofisini, kila mmoja anataka kuona sura yake nyuma ya kamera yangu kabla sijaishusha. Hadi saa tisa nilikuwa nimepiga picha mia sita na kitu.

Mvua ilipotulazimisha kuingia hemani, nilikaa karibu na Mutiso. Alikuwa anabadilisha filamu, anaivuta taratibu kama mtu anayefunga kidonda. Nikaona afadhali nimuulize, nione atadanganya vipi.

"Mzee, hizo za filamu unampigia nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Za nini sasa, na dijitali iko?"

"Hiyo ya bosi ni nzuri, sina neno nayo. Bibi harusi akifumba macho unampiga tena, na tena, unaenda kuchagua ofisini. Mteja anafurahi, mimi pia nafurahi. Lakini ikifika jioni sikumbuki sura hata moja. Hii iko na thelathini na sita peke yake. Kila moja lazima nijue nataka nini kabla sijabonyeza."

"Na ukikosa?"

"Nimekosa. Si kila kitu lazima mtu apate."

Kisha akaniwekea kamera mkononi. Ni nzito, na baridi ya chuma chake inaingia hadi kwenye vidole. "Piga moja," alisema. "Moja tu."

Nilitafuta. Niliwaacha marafiki wa ofisini, nikaiacha keki. Mwishowe nilimwona babake Debra amesimama peke yake kwenye ukingo wa hema, ameshika viatu vya bintiye vilivyojaa tope, hajui aviweke wapi. Moyo ulinidunda kama wa mwizi. Nikabonyeza, nikaigeuza kamera kuangalia nyuma. Palikuwa na ngozi nyeusi tu. Mutiso alicheka mpaka akafuta macho.

Nimefika nyumbani nikiwa bado najiuliza kama yule mzee alifumba macho. Zile mia sita sijaziwaza hata mara moja.

Lakini maneno matamu si ushahidi. Hata tapeli ana maneno matamu, na bado hajaniambia lolote kuhusu Kirinyaga Road.

Ijumaa Kuu, 14 Aprili

Kanisani, kisha nyumbani. Dada yangu Jacklyne, ambaye tunaishi naye hapa Kangemi, ananiuliza mbona siku hizi naangalia kila mtu kama polisi.

Jumatano, 19 Aprili

Saa saba na robo, mbele ya jumba la kumbukumbu za taifa, Mutiso amempa Wangeci bahasha ya kaki. Wangeci aliifungua kidogo, akachungulia ndani, akaifunga haraka. Akamshika Mutiso mkono kwa mikono yake miwili.

Nilienda moja kwa moja kwa bosi. Nilimwambia kuhusu bahasha, kuhusu chumba cha Kirinyaga Road, kuhusu faili kubwa la negativu za filamu ambalo Mutiso hulifungia kwenye kabati lake. Alikuwa anasikiliza huku akisoma gazeti. Niliposema mwanamke mwenyewe ni yule wa koti la kahawia wa Uthiru, aliliweka gazeti chini.

"Una uhakika ni huyo?"

"Ni yeye, bosi."

"Umefanya vizuri," alisema. Lakini hakuonekana mtu aliyekasirikia mwizi. Alionekana mtu aliyeshtuka.

Alhamisi, 20 Aprili

Naandika mkono ukiwa mzito.

Asubuhi Macharia alivunja kufuli ya kabati la Mutiso, mimi nikiwa pale. Alitoa faili, akakaa nalo dirishani, akawa anainua karatasi moja moja kuelekea mwanga. Kulikuwa na harusi za miaka mingi, ubatizo, wazee wamekaa milangoni, watoto wanaruka madimbwi. Hakuna jina la mteja hata moja. Kila ukanda wa negativu uliandikwa tarehe na neno moja kwa kalamu ya risasi: "mikono", "mvua", "kungoja". Kama alikuwa anauza, basi alikuwa muuzaji wa ajabu sana.

Macharia hakuuliza habari za harusi wala ubatizo. Alipofika kwenye tarehe 25 Machi alisimama. Akautoa ukanda ule peke yake, akautia mfukoni, akarudisha kanda nyingine zote kabatini.

Mutiso alipofika, mlango ulifungwa. Nilisikia sauti ya bosi tu. Aliambiwa anatumia muda wa studio kwa kazi yake binafsi, achukue vitu vyake. Alitoka na faili kwapani na kamera yake begani. Akasimama mbele ya meza yangu.

"Lornah, ni wewe ulimwambia?"

Nilitazama kibodi.

"Ungeniuliza," alisema. "Tumekaa wote hapa kila siku. Ungeniuliza tu."

Alishuka ngazi polepole, kama mtu anayezihesabu. Mvua ilikuwa inanyesha na hakuwa na koti, maana alilisahau kwenye msumari. Nilikimbia nalo hadi chini. Sikumpata.

Ijumaa, 21 Aprili

Kiti chake kiko wazi. Mtu akitoa negativu moja kati ya mia na kuacha nyingine, hatafuti mwizi wa wateja. Anatafuta nini?

Jumanne, 25 Aprili

Kiragu alikuja saa nne. Hakuketi. Niliwasikia kupitia mlango, ambao leo bosi hakuufunga vizuri.

"Ni hizi tu?"

"Ni hizo tu. Kwa kompyuta hakuna kitu, huyu msichana alifuta mwenyewe."

Kiragu alitoka ameshika bahasha ndogo. Akanisalimia kwa ile sauti yake ya chini, akaniambia nina mkono mzuri.

Mwezi mzima nimemshuku mtu kwa sababu anatoka saa saba na kurudi saa nane na nusu. Huyu wa suti aliketi karibu nami, akaniambia nimwondoe mwanamke na mtoto wake kando ya kaburi, na sikumuuliza hata swali moja.

Jumamosi, 29 Aprili

Nimeenda Kirinyaga Road. Nilibisha, sauti ikasema ningoje, na baada ya dakika kadhaa Mutiso akafungua. Hakushangaa. Hakunikaribisha pia, ila aliacha mlango wazi.

Chumba kilikuwa choo zamani. Sasa kina meza, mabeseni matatu ya dawa na taa nyekundu, na ile siki ni dawa ya beseni la pili. Alifunga mlango akaendelea na kazi yake kana kwamba sipo. Alitia karatasi nyeupe kwenye beseni la kwanza, akawa analitikisa taratibu. Hapakuwa na kitu. Kisha pakatokea kivuli, kisha mkunjo wa suruali, kisha viatu viwili vyenye tope, na mzee aliyevishika. Ilikuwa yangu, ya Kilimani. Macho yalikuwa wazi.

"Ulitikisa kidogo," Mutiso alisema. "Lakini ulimwona."

Nililia pale, na taa ile ilinisaidia maana haionyeshi machozi. Nilimwambia yote: kompyuta, kufuta, kumfuata, kabati. Aliosha mikono akanieleza yake, bila kunitazama.

Mke wa kwanza wa Mzee Muigai alifariki zamani. Wangeci ameishi na mzee miaka kumi na mmoja kwenye nyumba ya nyuma, bila harusi ya kanisani, na Anita ni mtoto wa mzee. Alipokuja studio alitaka picha ya mtoto akimuaga babake, basi. Mutiso alimchapia moja kwa sababu alisikia nikimwambia hayumo, na yeye alijua yumo.

"Nilifikiri wewe ndiye unajua sababu ya kumficha," aliniambia. "Hata mimi nilikushuku."

Wiki hii Kiragu amempa Wangeci notisi ya kuhama. Juzi Alhamisi walikutana kwa naibu wa chifu. Kiragu akafungua albamu akasema, huyu mnayemwita mke mbona hakuwa hata kaburini? Wangeci akatoa picha ya Mutiso. Kiragu akacheka, akasema siku hizi kompyuta inaweza kumbandika mtu popote, na hiyo imetengenezwa na mfanyakazi aliyefutwa kwa udanganyifu. Naibu wa chifu akataka negativu. Watakutana tena tarehe kumi na moja Mei.

"Na negativu iko kwake," nilisema.

"Kama haijachomwa."

"Naweza kwenda niseme ni mimi nilimtoa."

Mutiso alining'iniza picha yangu kwenye kamba kwa kibanio cha nguo.

"Unaweza," alisema. "Kama utasema, hiyo sijui."

Jumatano, 3 Mei

Mvua. Kazi.

Ijumaa, 5 Mei

Bosi ameninunulia chai na mandazi. Hajawahi. Akaniuliza kama kuna mtu yeyote amenipigia simu kuhusu mambo ya Uthiru. Nilisema hapana. Akaniangalia hadi nilipomaliza andazi.

Jumapili, 7 Mei

Nimemwambia Jacklyne. Alikuwa anafunga mafungu ya mboga za mrenda za soko la kesho, hakuacha.

"Ukienda, hiyo kazi imeisha."

"Najua."

"Na wakikuambia wewe pia ni muongo? Uliharibu picha ya mtu, halafu unakuja kusema uaminiwe."

"Hata hilo najua."

Alifunga fungu jingine. "Basi enda na viatu vya mpira," alisema. "Uthiru kuna tope."

Jumanne, 9 Mei

Sijaamua.

Alhamisi, 11 Mei

Nilimwambia bosi naenda kliniki. Ofisi ya naibu wa chifu ni chumba cha mabati chenye meza moja na mabenchi. Walikuwa watu kama kumi na wawili: Kiragu na ndugu zake, wazee watatu, Wangeci na koti lake la kahawia, Mutiso karibu na mlango, na yule shangazi, Annah, amekaa kwenye kona na mwavuli wake wa bluu miguuni. Kiragu aliponiona aliacha kuongea.

Naibu wa chifu ni mwanamke mwenye miwani. Aliniuliza mimi ni nani.

"Naitwa Lornah. Hiyo picha ya albamu niliipiga mimi. Na huyu mama alikuwa ndani. Nilimtoa mimi, kwa kompyuta, yeye na mtoto."

"Nani alikuambia umtoe?"

"Kiragu."

Kiragu hakupandisha sauti. Alisema mimi na Mutiso tulifanya kazi pamoja, kwamba tumepangwa, kwamba mtu anayekiri kudanganya kwa picha hashindwi kudanganya kwa mdomo. Mzee mmoja aliitikia kwa kichwa. Naibu wa chifu aliniuliza kama ninayo ile ya kwanza. Nikasema niliifuta. Aliniuliza basi nina nini. Nikasimama pale, nina mikono mitupu, na nikaona kwa mara ya kwanza jinsi Wangeci alivyojisikia kaunta siku ile.

Niliomba albamu. Nilipoishika niliitazama kama Mutiso anavyotazama, bila haraka, na kazi yangu ikanifungukia. Mahali alipokuwa Wangeci nilikuwa nimeziba kwa kipande cha mtu wa kando: bega, na mwavuli juu yake.

"Naomba mwangalie miavuli," nilisema. "Huu wa bluu hapa, una ubavu mmoja wa chuma uliovunjika, umeinama. Na huu mwingine, hatua moja kulia, wa bluu. Ubavu ule ule umevunjika. Ni mwavuli mmoja nimeurudia mara mbili. Hapo chini ya wa pili ndipo alipokuwa."

Albamu ilipita mkono kwa mkono. Naibu wa chifu alivua miwani akaifuta, akavaa tena. Mvua ilipiga juu ya mabati. Ilipofika kwa Annah, yule mama mzee aliiweka magotini. Kisha akauinua mwavuli wake kutoka sakafuni, akaufungua mule ndani, mbele ya watu wote. Ubavu mmoja uliinama.

"Mwavuli ni wangu," alisema. "Na siku hiyo nilikuwa na mmoja tu, kama leo."

"Tata, tafadhali," Kiragu alimwambia shangazi yake.

"Nimenyamaza sana, Kiragu. Nilinyamaza kwa sababu wewe ndiye unanipeleka hospitali. Lakini nilimfunika huyo mtoto kwa mkono wangu mwenyewe. Anita alikuwa chini ya huu mwavuli. Sasa mnaniambia nilikuwa nafunika hewa?"

Wangeci aliinamisha kichwa hadi kwenye magoti. Sijui kama alikuwa analia. Sikuthubutu kumtazama.

Ijumaa, 12 Mei

Macharia amefunga mlango. Vitu vyangu vimeenea kwenye mfuko mmoja.

Alhamisi, 18 Mei

Naibu wa chifu ameandika barua: Wangeci na Anita walihesabiwa kuwa familia kaburini, wasihamishwe hadi mahakama iamue urithi. Nyumba ya nyuma wanabaki nayo kwa sasa. Mutiso ndiye aliyenieleza, kwa simu, kwa maneno machache. Mvua imepungua.

Jumanne, 30 Mei

Napiga picha za pasipoti kwenye kibanda Kangemi, kwa dijitali ya kukodi. Si kazi mbaya. Mutiso amepata studio nyingine Westlands. Nilipokutana naye alinisalimia vizuri, lakini begi lake alilisogeza upande wa pili. Sikumlaumu.

Ijumaa, 2 Juni

Wangeci amepiga simu. Sikuijua sauti.

"Anataka picha, huyu mtoto. Pale kwa babake."

"Nimwambie Mutiso?"

"Hapana. Wewe ndiye ulitutoa. Kuja uturudishe."

Nilimpigia Mutiso kumwomba kamera. Aliuliza ya nini, nikamweleza. Kisha akasema nije niichukue kesho, na nisiirudishe na tope.

Jumapili, 4 Juni

Uthiru kulikuwa na jua. Udongo wa kaburi umeanza kuota majani. Wangeci alivua koti akalikunja, akaliweka kando, akasimama na gauni la kanisani. Anita alisimama mbele yake, ameshikwa mabega. Dirisha moja la nyumba ya mbele, ya kina Kiragu, lilikuwa wazi na pazia lake lilitikisika mara mbili, lakini hakuna aliyetoka.

Nilikuwa na filamu nzima na nilibonyeza mara nne tu. Kabla ya kila moja niliwatazama kwanza kwa macho yangu, nikaishusha kamera, nikawatazama tena. Wangeci ana kovu dogo juu ya nyusi. Kwa saa mbili na nusu nilishughulika na uso ule na sikuwahi kuliona.

Nilipomaliza, Anita alikuja mbio akaigeuza kamera nyuma.

"Picha iko wapi?"

"Haijatokea bado."

"Utajuaje kama tuko?"

"Mko. Lakini huwezi kuona leo. Itabidi mningoje."

Mtoto alimtazama mamake. Wangeci alinitazama mimi, na ni macho ninayoyajua vizuri, maana ndiyo niliyokuwa nayo msimu mzima kwa mtu mwingine. Nilitamani kuapa, nikaona kiapo changu hakina uzito kwake.

"Utaleta lini?" aliuliza.

"Jumatano."

Alilichukua koti lake, akalikung'uta.

"Haya," alisema. "Jumatano tuko."

Jumatano, 7 Juni

Nimepeleka.